Sukuma Igote, Ongeza Kumi

Mogitu, 6 Februari 2025

Rafiki yangu Evaline,

Habari za Haydom, na za shangazi yako Lucia? Hapa kwetu mvua imeshika na magugu yanashindana na mahindi. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu ya nyumbani inakaa na kaka Marko, na yeye husoma ujumbe wa kila mtu halafu anautangaza mezani. Barua hii nampa Ignasi, kondakta wa gari linalopitia Basotu. Nimeifunga kwa ugali kwa kuwa gundi haipo.

Matokeo umeyaona. Kwangu masomo yote yana alama, isipokuwa Fizikia, ambapo wameandika kwamba imezuiliwa. Baba aliposikia neno hilo alidhani ni daraja jipya la juu kuliko A, akaanza kuwaambia majirani. Ilibidi nimweleze mbele yao.

Jumatatu Mwalimu Herman aliniita shuleni. Unajua nikiwa mbele ya mkuu wa shule sauti yangu huwa inakwenda wapi. Alitandaza mezani nakala mbili za mtihani wa vitendo, zile kurasa za jiwe linaloning'inia kwenye uzi, ambapo tulibadilisha urefu wa uzi na kupima muda wa kubembea. Majina yalikuwa yamefunikwa kwa karatasi, lakini mwandiko wangu niliutambua. Akasema wasahihishaji wameona jambo. Mstari wa grafu ulitakiwa uanzie kwenye sifuri. Mistari ya watahiniwa hawa wawili haianzii sifuri, inakata ukingo wa kushoto juu zaidi, na yote miwili inaukata mahali pamoja. Akaniambia, "Watu wawili wanaweza kupata jibu sahihi moja. Kosa moja wanalipataje?"

Nilimwonyesha kwamba sekunde zetu hazilingani, kila moja imepishana kidogo na ya mwenzake. Akasema hiyo ndiyo ilimtia shaka zaidi, kwamba tulibadilisha kidogo ili kujificha. Kisha akasema mmoja alikuwa zamu ya kwanza na mwingine zamu ya pili, na kwamba kuna mtu alituona tukizungumza bombani wakati kundi la kwanza linapelekwa kufungiwa darasani lisichangamane na la pili. Anataka maelezo kabla ya mwisho wa Machi. Yule atakayeandika kwamba alimpa mwenzake, yeye atafutiwa, na mwenzake atafunguliwa. Tukikaa kimya wote, tutafutiwa wote.

Evaline, Mwalimu hakunitajia mwenye mwandiko ule wa pili. Lakini wa zamu ya kwanza aliyenisemesha bombani ni wewe. Je, na yako imezuiliwa? Na pale bombani, ulisema neno lolote kuhusu mtihani ambalo mimi nimelisahau?

Bila Fizikia siwezi kwenda kidato cha tano kusoma sayansi. Baba amesema akishapata jibu la mwisho, kama si zuri, nitakwenda Singida kwa dada kulea watoto wake, na habari za shule ziishie hapo. Naomba unijibu upesi.

Ni mimi,
Severina Margwe


Haydom, 12 Februari 2025

Severina,

Ndiyo, na yangu imezuiliwa. Sikukuambia kwa sababu hukuniuliza, na pia nilitaka kwanza kuona kama utaniambia ya kwako.

Nilicheka kidogo kuhusu baba yako, nisamehe. Lakini mengine hayakunichekesha. Mwalimu Herman amekuita wewe kabla yangu. Amekuonyesha karatasi. Amekupa masharti, huyu awe hivi na yule awe vile. Mimi sijaitwa bado. Nikajiuliza kwa nini, nikakumbuka kwamba mkuu wa shule na baba yako wanasali kigango kimoja na huwa wanaketi benchi moja. Sisemi kitu. Nimekumbuka tu.

Na hilo swali la bombani, Severina, mbona unaliuliza kana kwamba mtu amekusimamia nyuma ya kiti? Unajua nilichokuambia. Nilikuona umekunja kanga mkononi kama mtu anayengoja sindano, nikakuambia ni rahisi, usiogope. Ni hayo tu. Wewe uliyekuwa ukiomba ruhusa hata ya kupiga chafya darasani, leo unahoji watu kwa barua?

Jambo lingine. Bahasha yako ilifika ikiwa imefungwa mara mbili. Ugali wa kwanza ulikuwa mweupe na wa pili wa dona. Kwenu mnasaga dona?

Mimi niko kwa shangazi, tunauza chai na maandazi kwa watu wanaoshuka na wagonjwa stendi. Kazi naiweza. Wateja wananiita dokta kwa sababu naulizia hali za wagonjwa wao.

Evaline Joakimu


Mogitu, 20 Februari 2025

Evaline,

Kwetu hatusagi dona. Muulize shangazi yako.

Barua yako nimeisoma shambani, nikairudisha mfukoni, nikaisoma tena. Sikumwomba mkuu wa shule aniite kwanza. Mogitu ni karibu na Haydom ni mbali, nadhani ni hivyo tu. Wala hakuna mtu nyuma ya kiti changu. Kuna kuku.

Nakuapia kwamba sikuiba kitu kwako. Nilipima mwenyewe. Na kwa kuwa kuapa hakupimiki, niliamua nirudie ile kazi hapa nyumbani. Nilifunga uzi kwenye boriti la banda la ng'ombe, nikaning'iniza jiwe, nikatumia utepe wa mama wa kushonea na saa ya simu ya jirani. Mama aliniuliza kama nimeanza kuagua. Uzi wa sentimita hamsini, kubembea mara ishirini, nilipata sekunde ishirini na nane na kitu. Nikarudia, na tena, kwa sababu kwenye mtihani, kwa urefu huo huo, nakumbuka vizuri niliandika thelathini na moja. Nilikuwa nimeipenda ile namba kwa kuwa ilirudi karibu sawa kila nilipopima.

Jiwe halijui kama liko kwenye mtihani au kwenye banda. Kwa hiyo nilitafuta kilichobadilika, na nadhani nimekipata.

Lakini siwezi kukuambia. Usikasirike kabla ya kumaliza kusoma. Unakumbuka Mwalimu Vicent wa Fizikia alivyokuwa akituketisha wawili wawili kupima, na msomaji wa pili hakuruhusiwa kuona alichoandika wa kwanza? Alisema ukishaona namba ya mwenzako, jicho lako halisomi tena, linakubali. Basi nikikuambia nilichokipata, wewe utakubali tu au utakataa tu, na mkuu wa shule atakuwa na haki ya kusema tumepanga.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Niandikie hatua kwa hatua ulivyopima urefu wa uzi siku ile. Ulishika wapi, uliweka rula wapi, ulisoma wapi. Usiniulize kwa nini. Andika kila kitu hata kama unakiona cha kijinga.

Severina


Haydom, 1 Machi 2025

Severina Margwe,

Nimeyapata maswali yako. Ulishika wapi, uliweka wapi, ulisoma wapi. Polisi wa Katesh wangekuajiri bila cheti.

Unajua kitu halafu hutaki kuniambia, lakini unataka mimi niandike kila kitu kwa mkono wangu na kusaini. Mtu anayefanya hivyo kwa rafiki yake anataka nini? Shangazi anasema anataka karatasi ya kupeleka mbele. Ndiyo, shangazi ndiye aliyefungua barua yako ya kwanza. Alidhani ni ya mvulana. Alisikitika kukuta ni ya grafu.

Haya, andika hivi. Niliweka rula kwenye sifuri kama swali lilivyoelekeza, nikasoma, nikaandika. Sikuongeza kitu wala sikupunguza. Mpelekee unayempelekea.

Upande wangu nimeshaumaliza. Usiniandikie tena mambo ya rula.

Evaline


Mogitu, 4 Machi 2025

Kwa Mwalimu Vicent,
Mbulu mjini

Shikamoo Mwalimu. Ni Severina Margwe, niliyekuwa nakaa benchi la nyuma upande wa dirisha. Natumaini shule mpya ni nzuri na maabara yao haivuji. Samahani kwa kukusumbua. Ningekupigia simu, lakini ningesahau nusu ya maneno.

Umeshasikia kuhusu Fizikia yangu na ya Evaline Joakimu. Naomba nikueleze nilichofikia, unirekebishe nilipokosea.

Unazikumbuka rula zetu za mita, zile zilizosimamishwa pale kona ambapo paa lilikuwa linavuja. Ncha zilivimba na kumomonyoka, ukazipeleka kwa fundi akazikata zote kwenye alama ya kumi. Tangu hapo ncha ya rula kwetu ilikuwa ni kumi, siyo sifuri. Ulitufundisha tuimbe, "Sukuma igote, ongeza kumi." Yaani sukuma rula juu mpaka igote kwenye kizibo kinachoshika uzi, halafu kama unataka uzi wa hamsini, lishushe jiwe mpaka alama ya sitini. Tuliimba hivyo miaka miwili. Patriki alikuwa anaiimba hata akipanga foleni ya uji.

Siku ya mtihani tulikuta rula mpya za kuazima. Ncha zao ni sifuri. Nilikuwa naogopa sana, Mwalimu, na mtu akiogopa mikono yake inafanya ilichozoea. Nadhani nilisukuma mpaka ikagota, nikaongeza kumi. Jiwe lilikuwa kwenye sitini ya kweli na mimi nikaandika hamsini. Nimejaribu kwenye banda la ng'ombe. Uzi wa sitini ndio unaotoa zile sekunde thelathini na moja nilizoandika kwa hamsini. Na kama kila urefu umepungua kumi, mstari hauharibiki mwinamo wake, unasogea tu pembeni wote, na unakata ukingo pale pale ulipokatia wangu.

Kwa hiyo watu wawili waliofundishwa wimbo mmoja wanaweza kupata kosa moja bila kusemeshana. Na sekunde zetu zimepishana kwa sababu kila mtu alibonyeza saa kwa kidole chake.

Sasa yanayonisumbua ni mawili. La kwanza, Evaline ameniandikia kwamba alianzia sifuri, hakuongeza kitu. Kama ni kweli, kosa lake halikutoka kwenye rula, na sijui lilitoka wapi. Nimeanza kumfikiria vibaya na sipendi. La pili, darasa zima liliimba wimbo ule. Kwa nini waliokosea ni wawili tu?

Je, unaweza kumwandikia Mwalimu Herman kuhusu rula?

Mwanafunzi wako,
Severina Margwe


Mbulu, 13 Machi 2025

Severina,

Marahaba. Barua yako niliisoma wakati wa usimamizi, nikasahau kusimamia.

Hoja yako ni sahihi. Rula nilizikatisha mimi, na sikutoa taarifa kwa maandishi kwamba nimekata vifaa vya shule. Rula za kuazima zililetwa asubuhi ile ile, na mwalimu wa somo haruhusiwi kukaribia chumba cha mtihani. Niliziona dirishani zikipita mikononi mwa msimamizi, nikafurahi kwamba safari hii mna rula nzima. Haikunijia kabisa.

Kwa nini wawili tu. Nilisahihisha kazi zenu miaka miwili, na mistari ya wengi ilipita kwenye sifuri kama imechorwa na fundi seremala, hata siku ambazo saa zilikuwa mbovu. Wachache labda walitazama rula mpya wakaona ni mpya. Wengine nadhani walipimia kwenye kikokotoo. Waliijua kanuni, wakatafuta sekunde zilizopaswa kutokea, wakaziandika. Siwezi kuthibitisha, kwa hiyo sitalitamka mbele ya mtu, na wewe nakushauri usilitamke.

Sasa jambo ambalo nadhani hulijui. Nilimpigia Mwalimu Herman kabla ya kukuandikia. Aliniambia kwamba Evaline alifika shuleni mwishoni mwa Februari, akaandika na kusaini kwamba alikupa majibu yake bombani. Maelezo yake yako tayari kutumwa. Maana yake ni kwamba yako itafunguliwa.

Ukipeleka hoja ya rula sasa, utaulizwa ni ipi ya kweli, rula au saini ya mwenzako. Saini ni kitu kizito, Severina, hasa kwa watu ambao wangependa shauri liishe. Unaweza kuharibu kilichokwisha kutengenea kwako. Nakushauri kama mzazi, ukae kimya, uende kidato cha tano.

Ukiamua vinginevyo, nitaandika kuhusu rula. Ila uniombe mara ya pili, baada ya kulifikiria usiku mzima.

Mwl. Vicent


Mogitu, 18 Machi 2025

Evaline,

Mwalimu Vicent ameniambia kwamba ulikwenda shuleni ukasaini. Ulipita Mogitu ukienda na kurudi, gari linasimama mbele ya duka la kina Patriki, na hukushuka.

Nilikaa na habari hiyo siku kadhaa bila kumwambia mtu. Mwalimu alinishauri nikae kimya, na nakuambia ukweli kwamba nilijaribu. Nilipalilia kimya, nikapika kimya, mpaka mama akauliza kama naumwa. Kila nilipofikiri, nilirudi mahali pale pale. Hukunipa kitu bombani. Mimi nilikuwepo. Sasa kwa nini mtu asaini kitu ambacho wote wawili tunajua hakikutokea? Nikawaza kwamba una jambo lingine kubwa zaidi unaloficha, labda ulipika namba zako na unaogopa wakichimba zaidi. Nimewaza hivyo na nimeandika hapa ili usije ukalisikia kwa mtu.

Jana nilikwenda kwa Mwalimu Herman. Baba alinisindikiza mpaka getini, akasema ndani niingie mwenyewe. Nilizungumza. Sijui nilisema kwa sauti gani, lakini alilazimika kuinama mara moja tu kunisikia. Nilimwambia maelezo yako si ya kweli na kwamba nina njia ya kuonyesha kosa lilivyopatikana, ila njia yenyewe inataka mikono ya watu wawili ambao hawajaambizana.

Alinitazama sana. Akaniuliza, "Unajua kwamba kwa karatasi ya mwenzako wewe umeshapona?" Nikamwambia najua. Akauliza kama nimetumwa na mtu. Nikasema hapana. Jioni nilimwandikia Mwalimu Vicent, kumwomba mara ya pili barua aliyoniahidi.

Amekubali. Tarehe 27, saa nne asubuhi, wewe na mimi, vyumba tofauti, yeye na Madam Erica wa Hisabati wakitazama. Tukifika hatutaruhusiwa kuonana kabla. Tukishindwa, karatasi yako inatumwa na nakala ya maneno yangu inaambatishwa, na amesema hajui itakuwaje kwangu.

Njoo. Hata sasa sikuambii ni nini. Ukifika ufanye kama tulivyofanya siku zote darasani.

Severina


Haydom, 22 Machi 2025

Severina,

Unataka kujua kwa nini nilisaini. Nitakuambia halafu utaniacha nipumzike.

Nilidhani uliiba kwangu. Siku ile nilitoka kwenye chumba na karatasi ya kufanyia hesabu za majaribio ikiwa imekunjwa ndani ya soksi, kwa woga tu, sikujua pa kuitupa. Nilipofika kwenye darasa la kufungiwa haikuwepo. Uliponiandikia kwamba kosa letu ni moja, nikasema basi ndipo ilipokwenda. Ilianguka bombani, Severina akaiokota, na sasa ananiuliza maswali ili ajue kama najua.

Nilikuchukia wiki nzima. Kisha nikafikiri. Mimi hapa nina chai na maandazi na watu wananiita dokta. Wewe huwezi kumwambia mteja bei bila kutazama chini. Singida kwa dada yako ungekwisha. Kwa hiyo nilikwenda nikasaini. Nilikuhukumu kwanza, ndipo nikakuhurumia. Sikushuka Mogitu kwa sababu nisingeweza kukutazama bila kukuuliza.

Na kuhusu sifuri, niliandika hivyo kwa sababu ndivyo swali lilivyosema. Ukweli ni kwamba sikumbuki mikono yangu ilifanya nini. Nani anakumbuka mikono?

Sasa unasema hukuokota kitu. Ama unasema kweli, na mimi nimesaini uongo juu ya mtu asiye na kosa, ama bado unanizungusha. Nikija na ikaonekana nilisaini uongo, wataniuliza na lingine nililodanganya ni lipi.

Shangazi anasema nisiende. Sijaamua.

Evaline


Haydom, 30 Machi 2025

Severina,

Nilikuja. Najua unajua, kwa sababu niliona kisogo chako kikiingizwa chumba cha pili. Umesuka.

Nimerudi na gari lile lile kwa kuwa shangazi alinipa nusu siku tu, kwa hiyo hatukuonana, na pengine ilikuwa bora. Nakuandikia ya kwangu, ya kwako sijayasikia.

Walinipa stendi, uzi, jiwe na rula. Mwalimu Herman aliketi pembeni na kalamu. Madam Erica alisimama karibu na mlango, akaniambia, "Haya dada, pima hamsini." Nikajiambia nitapima vizuri kuliko siku zote ili wasipate la kusema. Nikachukua rula, nikaisukuma juu mpaka ikagota kwenye kizibo. Ilitoa ule mlio mdogo, unaukumbuka. Nikashusha jiwe mpaka sitini, nikafunga. Nikasema tayari, hamsini.

Mwalimu Herman aliinuka. Alikuwa na utepe wake mwenyewe. Akapima, akatazama, akapima tena kutoka upande wa pili. Akaniuliza, "Umesema ngapi?" Nikasema hamsini. Akasema, "Rudia." Nikafungua uzi wote, nikaanza upya, taratibu, midomo ikinichezacheza bila sauti. Madam Erica akanisogelea akaniuliza ninaimba nini.

Hapo ndipo nilipotazama ncha ya rula na kuona imeandikwa sifuri.

Mwalimu Herman alikuwa ameacha kuandika. Madam Erica akasema kwa sauti ya chini kwamba mwenzangu chumba cha pili, aliyetangulia kupima, alipewa moja ya rula zetu za zamani bila kuambiwa, akasukuma, akaongeza kumi, na akapata hamsini kamili. Kisha akapewa mpya, na kabla hajaigusa akasema hiyo ndiyo iliyotukosesha, na hataiongezea tena.

Kisha Mwalimu Herman akaniuliza kuhusu saini yangu. Nikasema nilisaini uongo. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia nilidhani Severina ni mwizi na nilimpenda hivyo hivyo. Hakuniambia kama ataifuta. Alisema atatuma kila kitu pamoja, rula, barua ya Mwalimu Vicent, uongo wangu na ukweli wangu, na wenyewe watapima.

Ile karatasi ya soksi, nadhani ilianguka njiani na ng'ombe wakaila. Nimeacha kuitafuta.

Sasa naelewa kwa nini hukuniambia. Ungeniambia, ningekuja na kuanzia sifuri ili nionekane mjanja.

Rafiki yako, kama bado,
Evaline


Mogitu, 24 Aprili 2025

Rafiki yangu Evaline,

Barua hii nimeifunga kwa ugali wa aina moja. Ikifika na wa pili, mpe shangazi Lucia salamu zangu.

Mwalimu Herman alipita nyumbani Jumapili baada ya ibada. Zetu zote mbili zimefunguliwa. Mimi nimepata C na wewe D. Wamesema kosa limeeleweka lakini limebaki kuwa kosa, na alama zake zimekwenda. Wewe umepewa na onyo la maandishi kwa kusaini usichokijua. Akasema onyo hilo atakusomea mwenyewe, uje na uso wa huzuni. Baba aliuliza kama C iko juu ya ile imezuiliwa. Nikamwambia iko juu sana. Hajataja tena Singida.

Kanisani nilikutana na wenzetu wa darasa. Walinipongeza. Mmoja wao ana A, na mstari wake, nasikia, ulipita kwenye sifuri bila kutetereka. Nilimpa mkono. Nilitamani kumuuliza aliipima vipi ile hamsini, na kama yeye ndiye aliyetuona bombani, lakini sina ushahidi, na Mwalimu Vicent alinikataza. Kwa hiyo nilimtazama tu mikono.

Nasikitika kwamba nilikuwazia vibaya. Na wewe uliniwazia vibaya. Yangu na yako sijui ipi ilikuwa kubwa, na sidhani tuna rula ya kuipimia. Ila wewe uliponidhania mwizi ulinibebea mzigo, na mimi nilipokudhania mpishi wa namba nilikuandikia maswali. Hilo nitalikumbuka.

Ndani ya bahasha utakuta uzi. Ni ule wa banda la ng'ombe, nimeukata mwenyewe. Uupime, uniandikie ni urefu gani, na ya kwangu nimeshaiandika na kuifungia ndani ya Biblia ya mama, hata Marko hafungui humo. Usiniulize kwanza.

Tukipishana kidogo, sitashangaa. Tukilingana kabisa, nitakuja Haydom kukuuliza ni nani aliyekuambia.

Ni mimi,
Severina